Oili ya pikipiki iliyoundwa upya: usiulize lita ngapi kabla hujajua inalala wapi

Pikipiki iliyoletwa uani Jumamosi ile ilikuwa na tangi la Honda ya miaka ya sabini, kiti kilichoshonwa Katwe, taa ya mbele pana kama sahani ya pilau, na mkia uliokatwa ukabaki fremu tupu. Injini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpaka maandishi yake hayasomeki. Mwenyewe, kijana mwenye glavu za ngozi, alivua helmeti akauliza: "Mzee, hii inakunywa lita ngapi?"

Fundi wetu ni Mnubi wa Bombo, mtu mzima asiye na haraka. Alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya injini, akakinusa. "Niambie wewe kwanza, mwanangu. Oili yake inalala wapi?"

Kijana alicheka, akidhani anataniwa. Lakini swali lilikuwa la kweli, na ndilo linalotenganisha kumwaga oili ya Boxer ya boda na kumwaga oili ya pikipiki ya kuundwa. Boxer haimsumbui mtu. Kila fundi wa kando ya barabara, kuanzia Busia hadi Kasese, anajua boliti iko wapi na chupa inaishia wapi. Pikipiki ya kuundwa ina tangi la huyu, magurudumu ya yule na injini ya mtu wa tatu. Jina lililobandikwa kwenye tangi halikwambii lolote, kwa sababu tangi halinywi oili. Kinachokunywa ni injini, na kitabu cha injini nacho kiliandikwa kwa kudhani kwamba imekaa vile kiwanda kilivyoikalisha. Mtu akishakata fremu na kubadilisha fok za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, dhana hiyo imekufa.

Basi fundi akachukua kitambaa chenye thina, akasugua ubavu wa injini karibu na ilipoungana na silinda. Rangi ikatoka, tukasoma: 163FML. Kwa anayezijua injini za Kichina, hiyo ni kama kitambulisho. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda. 63 ni upana wa silinda kwa milimita. F inamaanisha inapozwa na upepo, M kwamba ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni kundi la ukubwa: I ni la cc 125, J la 150, L la 200. Kwa hiyo 156FMI ni ya cc 125, na 162FMJ ni ya 150. Ukishapata namba hiyo unaweza kutafuta kipimo cha oili cha injini hiyo, badala ya kubahatisha kwa kuangalia umbo la pikipiki. Ya kijana ilikuwa ya lita moja na kidogo, na oili yake inalala chini ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, katika bakuli la chini ya injini liitwalo sampu, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi zinazopita Kampala, Mbale au Arua. Oili hiyo moja inalainisha pistoni na meno ya gia, na klachi inaogelea humo humo.

Sio zote ziko hivyo, na mimi nililipia somo hili mwenyewe.

Niliwahi kuwa na Yamaha SR400 ya mkono wa pili, imepunguzwa kila kitu kinachoweza kupunguzwa. SR, kama dada yake XT500, haiweki oili chini ya injini. Inaiweka ndani ya fremu: yale mabomba unayodhani ni chuma kitupu yamejaa oili, na kijiti cha kupimia kimechomekwa shingoni, mbele ya tangi la petroli. Pampu moja inapeleka oili injini, nyingine inairudisha juu. Waingereza waliitumia mbinu hiyo kwenye Triumph na BSA za cc 650 mwaka 1971, na Honda wakaitumia kwenye XR600R. Ni mpango mzuri: injini inakuwa fupi chini, na oili inapoa ikizunguka kwenye fremu.

Mimi niliiacha SR yangu miezi miwili. Niliporudi nikachomoa kijiti injini ikiwa baridi, nikakiona kikavu, nikaongeza lita nzima kwa moyo mkunjufu. Nikawasha. Dakika ya tatu oili ilianza kutoka kwenye mpira wa kupumulia, ule unaotoa hewa ya ndani ya injini, ikachuruzika mpaka tairi la nyuma. Kumbe oili haikuwa imepotea. Pikipiki ya aina hii ikikaa muda mrefu, oili inateremka pole pole kupita kwenye pampu na kujikusanya chini ya krenki. Fremu inaonekana tupu huku injini imejaa. Ndiyo maana hizi hupimwa zikiwa moto: washa, iache iungurume dakika kadhaa mpaka pampu irudishe oili juu, zima, kisha pima papo hapo. Ukipima asubuhi baridi unapima uongo.

Na wakati wa kumwaga, SR ina boliti mbili za kumwagia: moja chini ya bomba la mbele la fremu, nyingine chini ya injini. Anayefungua moja tu anachanganya oili mpya na ya zamani, halafu anashangaa mbona imekuwa nyeusi baada ya siku mbili. Baada ya kujaza, usiondoke mbio. Hewa inaweza kukwama kwenye pampu, injini ikazunguka kavu. Fundi wangu hulegeza kidogo boliti ya bomba linalopandisha oili kichwani mwa injini, anawasha, anangoja aone oili ikichungulia, anakaza. Isipochungulia anazima upesi.

Hapa kuna jambo linalowahusu wachomeleaji kuliko madereva. Kama fremu yako ndiyo tangi la oili, kila ulipokata kibano na kila ulipochomelea kipya umeangusha chembe za chuma ndani ya oili. Fremu ya namna hiyo husafishwa kwa petroli na kupulizwa kwa hewa ya kompresa zaidi ya mara moja kabla injini haijarudishwa. Nimemwona mtu akipaka fremu rangi ya gharama kubwa huku ndani imejaa masizi ya kuchomelea.

Aina nyingine nitazipita haraka. Harley-Davidson kubwa zina oili tatu mbali mbali: ya injini, ya gia, na ya kasha la mnyororo wa klachi. Sportster ina mbili, kwa sababu gia na klachi zinachangia oili moja. BMW za zamani za silinda mbili zilizotoka ubavuni zina oili ya injini, ya gia na ya ekseli ya nyuma, kila moja na boliti yake. Kisha kuna Yamaha DT125 na AG100, zile za mistroku miwili walizokuwa wakiendea vijijini maafisa wa kilimo na watu wa mashirika, ambazo sasa vijana wanazigeuza skrambla. Hizo hazina oili ya injini ya kumwaga. Ya pistoni inaungua pamoja na petroli, na unayomwaga ni ya gia peke yake. Hatari ni mtu anayeng'oa kile kitangi cha oili cha pembeni kwa kuwa hakimpendezi, akasahau kwamba tangu siku hiyo lazima achanganye oili kwenye petroli mwenyewe. Injini haimpi onyo, inakwama tu.

Tukishajua inalala wapi, swali la pili ni oili gani, na hapa maneno kwenye chupa yanawachanganya wengi. Chukua 20W-50. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na ile ya mwisho inaeleza uzito wake ikiwa kwenye joto la nyuzi 100. Fikiria asali. Asubuhi ya Kabale inatoka kwenye chupa kwa shida, na juani Arua inakimbia kama maji. Oili nzuri ni ile isiyobadilika sana kati ya asubuhi hiyo na jua hilo. Kwa injini inayopozwa na upepo, inayosimama kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, 20W-50 inafaa. Kwa injini ya kisasa inayopozwa na maji, kitabu mara nyingi kinataka 10W-40, na sioni sababu ya kubishana nacho.

Lakini namba hizo si jambo kuu. Jambo kuu ni klachi. Katika pikipiki nyingi sahani za klachi zinazama katika oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo. Dawa hiyo ikifika kwenye klachi, sahani zinateleza: unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi, hasa ukipanda kilima cha Makindye umebeba mtu. Wajapani ndio waliotunga kipimo cha jambo hili, JASO T 903, mwaka 1998. Kwenye chupa kinaonekana kama kisanduku kidogo chenye namba na herufi MA, MA1 au MA2. Hizo ni za klachi inayolowa, na MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. MB ni ya skuta na nyingine ambazo klachi yake iko nje ya oili. Klachi ya BMW zile za zamani ni kavu, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kutia oili ya gari bila kuogopa kuteleza. Mwenye 163FML hana uhuru huo.

Oili ya pikipiki ina mzigo mwingine ambao ya gari haina. Meno ya gia yanaikatakata. Ile dawa inayoifanya ibaki nzito kwenye joto ni nyuzi ndefu ndefu, na gia zinazitafuna kama sharubati ya muwa inavyokamuliwa. Oili iliyoingia ikiwa 50 inakuwa nyepesi kabla haijawa chafu. Dereva huihisi mguuni: gia zinaanza kuwa ngumu kuingia, hasa ile ya kutafuta nyutro kwenye taa.

Sasa turudi uani, maana kazi yenyewe ilikuwa haijaanza. Kijana alikuwa amebadilisha fok za mbele akatia ndefu, na nyuma amefupisha springi za kufyonza mishtuko. Pua ya pikipiki ilikuwa juu kama mbwa anayenusa upepo. Injini imefungwa kwenye fremu, kwa hiyo nayo imeinama kwenda nyuma. Oili, kama maji yoyote, haijali fremu. Inatafuta usawa wake. Kijiti cha kupimia kilichoundwa kwa injini iliyokaa sawa kitasema uongo ikiinama. Kikiwa upande uliopanda kitaonyesha pungufu, mwenyewe ataongeza, na injini itajaa kupita kiasi. Krenki inaanza kupiga oili kama mwiko unavyopiga mayai. Inatoa povu, povu halilainishi, mgandamizo unapanda, na sili zinaanza kuvuja. Kikiwa upande ulioshuka kitaonyesha imejaa wakati haijatosha. Pampu itavuta hewa, na hewa nayo hailainishi kitu.

Fundi alitatua hili kwa pima maji ya waashi. Alichukua pikipiki nyingine iliyokuwa uani, yenye injini ya aina ile ile na ambayo haijaguswa, akaisimamisha kwenye stendi ya kati. Akatafuta sehemu bapa juu ya kasha la injini, akaweka pima maji, akaangalia povu limekaa wapi. Kisha akaenda kwa ile ya kijana, akaweka pima maji mahali pale pale, akaanza kuinua gurudumu la nyuma kwa vipande vya mbao, kimoja kimoja, mpaka povu likakaa kama kwa mwenzake. Siku hizi simu nayo ina programu ya kupima mwinamo, na inafanya kazi hiyo vizuri tu ukiilaza bila kava. Hapo injini ikawa imekaa vile kiwanda kilivyotaka, hata kama pikipiki nzima ilionekana inataka kupiga mbizi.

Kumwaga kwenyewe si kazi kubwa. Injini iwe vuguvugu, dakika tano za kuunguruma, ili uchafu uchanganyike na utoke na oili. Isiwe moto wa kuunguza. Eksozi ya kijana ilipita moja kwa moja chini ya boliti ya kumwagia, ugonjwa wa kawaida wa pikipiki hizi. Fundi akakata kopo la soda akalikunja likawa mfereji, akaliegemeza juu ya bomba ili oili isiungulie hapo na kutujazia ua moshi. Boliti ikatoka, na nyuma yake springi na chujio la wavu. Ukifungua ya namna hii bila kujua, springi inaruka, na utatambaa chini nusu saa ukiitafuta.

Oili iliyotoka ilikuwa na habari zake. Fundi aliipokea kwenye beseni jeupe, naye hapendi beseni la rangi nyingine, akaitazama juani. Unga wa kumeremeta kidogo ni kawaida kwa injini iliyofunguliwa karibuni. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida. Vikivutwa na sumaku ni chuma, pengine gia. Visipovutwa huenda ni aluminiamu ya pistoni au kasha. Ikinuka petroli, basi sindano ya kaburata haifungi vizuri na petroli inateremka injini usiku. Mwenyewe atakwambia kwa furaha kwamba pikipiki yake haipunguzi oili kamwe, eti hata inaongezeka. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa injini inayopozwa na upepo hayawezi kutoka kwenye rejeta isiyokuwepo. Yanaingia kwenye sehemu za kuoshea, kijana wa pampu anapoelekeza mdomo kwenye mpira wa kupumulia, au pale mpira huo ulipoachwa ukining'inia wazi baada ya kisanduku cha chujio la hewa kutupwa. Injini moto ikipoa ghafla kwenye mvua inavuta pumzi, na inavuta chochote kilicho karibu.

Ya kijana ilikuwa na mchanga. Alikuwa ameng'oa kisanduku cha hewa na kuchomeka filta ndogo ya kofia, ile inayopendeza machoni, halafu akaenda nayo Moroto, huko Karamoja, na kurudi. Vumbi la maramu ni msasa. Linapita kwenye filta mbaya, linasugua ringi na silinda, linaishia kwenye oili, na oili inalizungusha kila mahali. Filta ya kofia si dhambi, ila iwe ya sponji iliyolowekwa oili yake maalumu, na oili ya injini imwagwe mapema zaidi.

Wavu wa chujio nao ulikuwa umezibwa nusu na vipande vya silikoni ya buluu. Kuna mafundi wanaotia silikoni badala ya gasketi na kuimimina kama siagi kwenye mkate. Inayobanwa nje unaiona ukaisifu. Inayobanwa ndani inakatika na kusafiri hadi kwenye chujio. Fundi alitoa vipande kwa kibanio cha nyusi, kimya, akivipanga juu ya kigae ili mwenyewe avihesabu. Vilikuwa kumi na saba.

Injini nyingi za namna hii hazina filta ya karatasi. Badala yake, ndani ya kifuniko cha klachi kuna kikombe kinachozunguka na krenki, uchafu mzito unatupwa pembeni na kugandia humo kama tope. Hakifunguliwi kila mara, lakini kwa pikipiki iliyotoka Karamoja tulikifungua. Tope lilikuwa unene wa ukucha.

Kwenye kufunga, boliti inaingia kwenye aluminiamu, metali laini. Uzi wake ukiisha, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Anza kwa vidole. Ikikataa vidole haijakaa sawa, usiisaidie kwa spana. Mwisho kaza kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Wosha, ile pete bapa inayokaa chini ya boliti, iwe mpya. Ya shaba inaweza kuchomwa mpaka iive nyekundu, ikachovywa majini ikalainika tena, na fundi hufanya hivyo kwenye jiko la mama wa chai aliye jirani.

Tukajaza kipimo cha injini, tukawasha dakika tatu, tukazima, tukangoja oili ishuke. Kijiti kikasoma vizuri. Ndipo fundi akaondoa mbao moja moja mpaka pikipiki ikarudi kwenye mkao wake wa pua juu, akachomoa kijiti tena. Sasa kilionyesha chini ya alama ya mwisho, ingawa oili ilikuwa ile ile. Akachukua tupa, akakwaruza alama mpya mahali oili ilipoishia. "Hii ndiyo alama yako," akamwambia kijana. "Zile mbili za kiwanda zisahau."

Kuhusu muda, boda anayepiga kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 kwa siku 20, na wengi wanaomwaga kabla ya hapo hawapotezi pesa. Ya kuundwa ambayo inatoka Jumapili tu isihesabiwe kwa kilomita. Safari fupi fupi haziipashi injini joto la kukausha unyevu wake, kwa hiyo miezi sita ikipita, mwaga hata kama haikwenda popote. Injini iliyofunguliwa na kufungwa upya imwagwe ya kwanza mapema, kilomita 500 zinatosha.

Ile ya zamani iliingia kwenye jeri. Seremala wa Ndeeba huja kuichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mtaro wa Nakivubo unamwaga katika ghuba ya Murchison, na mitambo ya Ggaba inachota maji ya kunywa katika ghuba hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwaga kwenye mfereji fundi akiwa anatazama. Chupa tupu alizitoboa kwa msumari kabla ya kuzitupa, zisije zikajazwa oili iliyochujwa na kurudi dukani.

Pikipiki ililala uani usiku ule na kadibodi chini yake. Asubuhi tulikuta tone moja, mbali na boliti yetu, chini ya shafti ya gia. Fundi alilitazama, akatafuta penseli mfukoni, akalizungushia duara, na pembeni akaandika: sili ya gia, mwezi ujao.